Bwana Harusi Alipotaga Mayai

Chatu wawili wa kwanza wa Fundi walikuja wakiwa wameshaoana. Ndivyo alivyoambiwa. Mzee aliyewafuga kwa miaka mingi alikuwa anahamia ghorofani kwa binti yake, na binti alishamwambia waziwazi: baba, wewe karibu, nyoka hapana. Fundi alikwenda pale kumrekebishia friji kabla ya kuhama. Alipomaliza kazi, mzee akamwekea mmoja mkononi. Yule chatu akajiviringisha taratibu kwenye kigasha chake, mzito, mkavu, mtulivu, akalaza kichwa kama mtu aliyechoka safari. Fundi, ambaye hakuwahi kufuga hata kuku, akasahau kudai nauli yake.

Alirudi nyumbani na masanduku mawili ya kioo, kibali cha kufugia, na maelezo ya mdomo: huyu mweusimweusi ni dume, huyu wa madoa ya dhahabu ni jike, hawana sumu, wakiogopa hujikunja wakawa kama mpira, wape joto na maji safi, watazaa wenyewe.

Mkewe alikuwa mfamasia. Siku hiyo alifika kutoka kazini akasimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Umeenda kutengeneza friji, umerudi na nyoka."

"Hawana sumu."

"Na mimi sina uvumilivu." Lakini aliinama akachungulia kioo, akawaona wamelaliana, kichwa cha mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, akaguna. "Angalia bwana harusi na bibi harusi. Haya, wakae chumba cha nyuma. Na mlango uwe na kufuli."

Majina yakawaganda.

Mwaka wa kwanza Fundi alisoma kila alichoweza kukisoma. Alijiunga na kikundi cha wafugaji waliokuwa wakikutana mara moja kwa mwezi, watu wa kila aina, kuanzia mwalimu wa sayansi mpaka dereva wa lori. Alipunguza joto msimu wa baridi kama walivyomfundisha, akaliongeza ulipofika wakati wake, akawaweka Bwana na Bibi Harusi sanduku moja na kuwasubiri. Mayai hayakuja. Mwaka wa pili akabadilisha kila kitu: taa, chakula, ukubwa wa sanduku, hata rangi ya pazia. Mayai hayakuja. Wenzake kwenye kikundi wakaanza kumtania kwamba ndoa ile ina mkono wa mtu.

Mwishowe akawabeba wote wawili mpaka kwa daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Daktari akampima Bibi Harusi kwa kijiti chembamba cha chuma, cha kutambulia dume na jike, akaitikia kwa kichwa kuonyesha yuko sawa. Akampima Bwana Harusi. Akampima tena. Kisha akaweka kijiti chini, akashika meza.

"Fundi, una muda gani na hawa?"

"Miaka miwili na miezi."

"Bwana Harusi wako ni mama."

Fundi hakucheka siku ile. Alirudi nyumbani amenuna kama aliyetapeliwa, ingawa mzee wa watu hakuwa na nia mbaya. Naye aliambiwa tu na mwingine. Mkewe ndiye aliyecheka mpaka akakaa sakafuni, na akakataa katakata kubadilisha jina. Baada ya siku mbili Fundi naye akajikuta anatabasamu peke yake juu ya ngazi, mkono ukiwa ndani ya kiyoyozi cha mteja. Miaka miwili! Wale dada wawili walikuwa wanalaliana kwa sababu ya baridi tu.

Daktari alimtafutia dume wa kweli, kijana mwembamba mwenye pua ndefu. Akaitwa Mchumba. Msimu uliofuata Bibi Harusi alinenepa katikati, akaacha kula, na asubuhi moja Fundi akamkuta amejikunja juu ya mayai saba meupe, makubwa, yameshikana kama fungu la vitunguu saumu. Alipiga kelele mpaka mkewe akadhani ameumwa.

Mashine ya kutotolea alikuwa ameshaitengeneza siku nyingi. Ilikuwa friji ya soda, ya mlango wa kioo, iliyokufa mota. Aliing'oa matumbo yote, akatandaza waya wa joto chini, akafunga feni ndogo na kifaa cha kudhibiti joto alichokiunganisha mwenyewe kwa vipuri vya friji kuukuu. Aliyatenga mayai na mama yao, akaweka alama ya penseli juu ya kila moja ili yasigeuzwe, akayalaza kwenye boksi la chenga za makumbi ya nazi zenye unyevu. Kwa kuwa chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa, friji ikakaa ukumbini, karibu na chumba alicholala mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa wiki sita baada ya kupasuliwa goti, na wiki sita zilikuwa zimeshageuka miezi mitano. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha mikate miaka thelathini na moja, ya mwisho kumi akiwa msimamizi wa tanuri. Neno nyoka hakulitamka. Aliwaita wapangaji. "Wapangaji wako wamekula?" "Wapangaji wako wasije wakatembea." Chumba cha nyuma hakuwahi kukanyaga, na friji ya ukumbini aliipita kwa upande, fimbo mbele, kama inayoweza kumrukia. Fundi alimheshimu sana. Katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumpandishia sauti.

Siku ya ishirini na sita, mteja mmoja hakuwepo nyumbani, Fundi akarudi mchana. Kabla hajavua viatu alitupa macho kwenye kipimajoto. Kilisoma thelathini na tisa. Mlango wa friji ulikuwa unatiririka jasho. Alipofungua, joto lilimpiga usoni kama la jikoni. Mayai yaliyokuwa yametuna asubuhi yalikuwa yamebonyea kama mipira iliyotoka upepo.

Kwenye soketi ya ukutani, pembeni ya plagi ya friji, kulikuwa na pasi.

"Nani amegusa huu waya?" alisema kwa nguvu.

Mama mkwe akatoka chumbani, nguo aliyokuwa akiinyoosha ikiwa begani. "Mimi nimechomeka pasi. Waya wako sikuugusa."

"Mama, asubuhi haya mayai yalikuwa mazima."

"Na mimi nakuambia sikuugusa."

"Basi yamejichemsha yenyewe?"

Mama mkwe alichomoa pasi yake, akairudisha chumbani ikiwa bado ya moto, akafunga mlango bila kuubamiza. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Jioni Fundi alipasua mayai yale moja moja juu ya gazeti, maana daktari alimwambia kwa simu ni lazima ajue. Ndani ya kila yai kulikuwa na kijinyoka, chembamba kama kamba ya kiatu, macho yameshakuwa makubwa, mistari imeanza kuonekana. Vyote saba vilikuwa vimekufa. Alivifukia nyuma ya nyumba, akanawa mikono, akanawa tena. Mkewe alipotoka kumsemesha mama yake alikuja akasimama mbele yake.

"Umemwambia mama yangu nini?"

Fundi alisema tu kwamba amechoka, kwamba kesho atawatangaza chatu kwenye kikundi, awachukue anayewataka, Mchumba na wote.

"Ukitaka kuwatoa, watoe," mkewe alisema. "Lakini si wiki hii. Wiki hii huna akili ya kuamua kitu. Na kwa mama utakwenda mwenyewe, mimi simo."

Siku tatu nyumba ile ilikuwa nzito. Mama mkwe alikula chumbani. Salamu alizijibu, basi. Jumamosi Fundi akashindwa kukaa, akaichomoa friji, akakifungua kile kifaa cha kudhibiti joto juu ya meza ya kazi. Hakuchukua hata dakika kumi. Vile vipande viwili vya shaba ndani ya swichi, ambavyo hugusana kuwasha joto na kuachana kulizima, vilikuwa vimeyeyuka vikagandana. Vikishagandana hivyo, joto haliwezi kuzimika tena; lingepanda tu mpaka mtu aje. Pasi haikuwa na kosa wala aliyeichomeka. Na alikumbuka vizuri siku aliyoitoa swichi ile kwenye friji ya chakavu: aliona ina madoa meusi ya kuungua, akajiambia itafaa. Mteja akimletea kitu kama kile humfokea kwa kutojali usalama wake.

Aliifumbata ile swichi kiganjani. Halafu akapiga moyo konde, akaenda kugonga mlango.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mguu kwenye mto. Fundi alichuchumaa ili asiwe juu yake.

"Mama, ni mimi niliyeua yale mayai. Si pasi, si wewe. Ni hii." Akanyoosha kiganja. "Niliona mbovu nikaifunga hivyohivyo."

Mama mkwe alivaa miwani, akaichukua, akaigeuza. "Kitu kidogo hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Uliniita mwongo, nyumbani kwa mwanangu."

"Ndiyo. Nisamehe, mama."

Alimrudishia swichi. "Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo bado nina hasira, na sitaki kukudanganya."

Fundi alishukuru akatoka. Ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi kuliko alivyoingia.

Zilipita siku nne. Asubuhi moja wakiwa mezani, mkewe ameshaondoka, mama mkwe akamwambia huku anakoroga chai: "Hayo mayai yanataka joto kiasi gani?"

Fundi karibu apaliwe. "Thelathini na moja na nusu, mama."

"Na unyevu?"

"Mwingi. Kioo kitoe jasho kidogo, lakini maji yasidondokee mayai."

Kijiko kikasimama. "Hicho si chumba cha kuumulia unga?"

"Cha nini?"

"Mwanangu, unga ukishakandwa na hamira unawekwa chumba chenye joto na unyevu, uumuke, ndipo uende tanuri. Joto thelathini na moja, thelathini na mbili. Nimekaa kwenye chumba hicho kuliko nilivyokaa na marehemu baba yako." Akasukuma kikombe. "Kipimajoto unacho kingapi?"

"Kimoja. Kiko katikati."

"Kimoja!" Alisema kama mtu aliyesikia kwamba jirani anaogea nje. "Mwaka wangu wa kwanza kazini niliharibu mikate mia nne kwa asubuhi moja. Upande mmoja ilikuwa imefurika, upande wa pili imelala kama mawe, na kipimajoto cha katikati kinaniambia mambo safi. Nililia chooni. Nikadhani nitafukuzwa. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali kama pilipili, akaniambia, lia haraka, tunakanda upya saa nne. Basi. Nikakanda."

Mchana huo walifanya jambo ambalo Fundi alilisimulia kwenye kikundi mpaka wenzake wakamchoka. Alifunga swichi mpya, akaiwasha friji. Mama mkwe akakanda unga, akaukata madonge sita sawasawa, kila donge kwenye kikombe, akamwelekeza vikombe viwekwe wapi: juu, katikati na chini, mbele na nyuma. Kisha wakavuta viti viwili ukumbini wakakaa mbele ya kioo kama watu wanaoangalia mpira. Haikufika nusu saa, donge la chini nyuma likaanza kupanda. Baada ya saa moja lilikuwa limemwagika nje ya kikombe. La juu mbele halijatikisika.

"Umeona?" Mama mkwe alielekeza kwa fimbo. "Hata swichi isingeungua, pale chini ungewapika, huku juu ungewagandisha."

Mkewe alirudi kutoka kazini akawakuta wanabishana juu ya feni. Alitazama madonge ndani ya friji ya mayai ya chatu, akamtazama mama yake, akamtazama mumewe. "Jamani, mimi nimeolewa nyumba gani hii?" Akaenda kubadilisha nguo. Huko chumbani walimsikia anacheka.

Fundi alihamisha feni, akatoboa rafu ili hewa ipite, akaongeza mtungi wa maji. Wakajaribu tena na madonge sita. Na tena. Mara ya nne yaliumuka yote kwa pamoja, mviringo kwa mviringo, na mama mkwe akapiga kofi moja. Alifunga pia swichi ya pili nyuma ya ile ya kwanza, ili moja ikigoma nyingine ikate, na kengele ya mlangoni ya kupiga kelele joto likizidi. Wiki zile nyumba ilikula mkate asubuhi na jioni, majirani pia.

Bibi Harusi alikuwa amekonda baada ya kutaga, ikabidi apumzishwe na kulishwa. Kwa hiyo msimu mpya ulipofika, Mchumba alipelekwa kwa Bwana Harusi. Daktari alipopigiwa simu kuambiwa kwamba Bwana Harusi ametaga, kicheko kilitoka kwenye simu mpaka mama mkwe akakisikia toka chumbani kwake.

Mayai yalikuwa sita. Fundi alizima taa ya ukumbini akayamulika kwa tochi moja moja, mkewe akimshikia boksi. Manne yalionyesha mishipa myekundu kama ramani ya mito. Mawili yalikuwa ya njano, hayana kitu. Mayai viza. Fundi alizima tochi.

"Manne ni mengi," mkewe alisema. "Mwaka jana ulimaliza na sifuri."

Mchana Fundi akiwa kwa wateja, mama mkwe ndiye aliyekuwa akisoma vipimajoto, sasa vinne, kupitia kioo, na kuandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Hakuomba aoneshwe mayai wala hakugeuza uso yalipokuwa mbele yake. Siku ya thelathini na nane aliandika: "Moja limeota ukungu." Fundi alirudi akalikuta limeshabonyea, la kijani upande mmoja. Lilikuwa limeshikana na mengine, na kulibandua kungeyachana. Daktari akasema aliache, apanguse ukungu, na kama ni mtu wa kusali, asali. Likaoza taratibu palepale katikati ya wenzake, na Fundi akapoteza usingizi na kilo tatu. Wenzake hawakudhurika.

Siku ya hamsini na saba asubuhi, yai la pembeni lilikuwa na mchano mdogo kama uliokatwa kwa wembe, na kwenye mchano kulikuwa na pua. Pua tu. Fundi hakuweza kupiga kelele safari hii. Alikwenda kumshika mkewe mkono akamvuta bila kusema. Kesho yake kijinyoka kilitoka kizima, kinang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na yai la pili nalo likachanika na kutoa mtoto kabla ya jioni. La tatu lilichanika, kichwa kikachungulia, kikarudi ndani. Saa zikapita. Siku nzima ikapita.

"Atakufa humo," mama mkwe alisema. "Mkate ukishaiva unautoa. Chukua mkasi umsaidie."

Fundi alikuwa na mkasi mkononi tayari. Alimpigia daktari.

"Weka mkasi chini," daktari alisema. "Bado ana kiini tumboni anakinyonya. Ukimtoa sasa unamuua wewe. Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi kaa naye."

"Daktari kasema hapana, mama."

"Haya. Mikate haipumui, sikulifikiria hilo."

Wakakaa. Siku ya sitini, karibu na saa tano asubuhi, kile cha tatu kilijisukuma nje kidogo kidogo, kikapumzika nusu ndani nusu nje, kikamalizia. Mkia wake ulikuwa umepinda mara mbili karibu na ncha. Fundi alijua hakuna atakayekitaka, na kwamba pengine alikosea mahali fulani, joto au kitu asichokijua. Aliandika kwenye daftari lake: mkia, uliza. Halafu akakitazama kinavyotambaa, mkia na yote, kikitafuta pa kujificha, na akagundua kwamba analia.

Watoto wote watatu walijivua ngozi ya kwanza baada ya wiki moja na siku mbili. Baada ya hapo walipaswa kula. Yule wa mkia uliopinda alimdaka panya wake mdogo kabla koleo halijafika vizuri. Wa pili alifikiri kwanza, akala. Yule wa kwanza kuzaliwa alikataa. Wiki iliyofuata akakataa tena. Fundi alibadilisha maficho, akampashia panya joto, akamfunika boksi lote kwa kitambaa, akakataliwa mara tatu, mara nne. Watu wa kikundi walimwambia hutokea, wengine hukaa hata miezi miwili. Alimpima uzito, akaandika, akamwacha atulie.

Mara ya tano ilikuwa Jumapili mchana. Mkewe alikuwa anapakua chakula mezani, na mama mkwe alikuwa amevuta kiti chake mpaka kizingiti cha chumba cha nyuma, mahali ambapo hakuwahi kufika. Alikaa pale, fimbo magotini, akitazama mgongo wa Fundi. Fundi alishusha panya kwa koleo, akamtikisa kidogo, akasimama kama mti. Kichwa kikatokeza mafichoni. Ulimi ukacheza. Kitu kikaruka kwa kasi ambayo jicho halikuikamata, na koleo likabaki tupu.

"Vipi?" mama mkwe aliuliza kwa kunong'ona. "Amekula?"

"Amekula, mama."

"Haya, funika sanduku, nawa mikono kwa sabuni, uje na wewe ule."